Mkono wa Mtoto na Kikombe cha Maji



Wainjilisti watatu, Mathayo, Marko na Luka, wameandika habari za mtu aliyekuwamo katika sinagogi siku ya sabato, naye mkono wake umepooza. Ila ni Luka peke yake aongezaye neno moja dogo, ya kuwa mkono wenyewe ulikuwa ni wa kuume. Nasi hatustaajabu, maana katika nyaraka za Mtume Paulo Luka atajwa kuwa ni tabibu. Hivyo ndivyo tabibu atazamavyo. Hatosheki kusema, "Mtu huyu ni mgonjwa". Ataka kujua ni kiungo gani, ni upande gani, na nguvu iliyosalia ni kadiri gani.

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za watoto ambao mikono yao hupungukiwa na nguvu kidogo kidogo, na jinsi matabibu waipimavyo mikono hiyo. Huenda mtu akauliza, "Kupima kwafaa nini, ikiwa ugonjwa wenyewe hauondoki?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla ya kumaliza.

UGONJWA WENYEWE

Mwili wa mtu huenda kwa nguvu za misuli, nayo misuli hupata amri kwa njia ya neva zitokazo katika ubongo na uti wa mgongo. Kitu kikiharibika katika njia hiyo, ama katika neva, ama katika msuli wenyewe, kiungo hulegea. Magonjwa ya namna hiyo ni mengi, lakini hapa tutataja mawili yawapatayo watoto.

La kwanza laitwa Duchenne, kwa jina la tabibu Mfaransa, Guillaume Duchenne wa Boulogne, aliyezaliwa mwaka 1806 akafariki mwaka 1875. Bwana huyu hakuwa na cheo katika hospitali za Paris, bali alikuwa akizunguka wodi kwa wodi akiwatazama wagonjwa ambao wengine waliwapita. Mwaka 1868 aliandika maelezo marefu ya watoto 13 wenye ugonjwa huu. Huwapata wavulana karibu peke yao, kadiri ya mmoja katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Akifika miaka mitatu au minne huanza kuanguka mara kwa mara, hupanda ngazi kwa taabu, na mashavu ya miguu yake hunenepa kuliko kawaida, hata wazazi wakadhani ana nguvu nyingi. Asipopata dawa, mara nyingi huacha kutembea kabla ya kutimiza miaka 13. Baada ya miguu hufuata mikono, na baadaye pumzi na moyo.

La pili ni ugonjwa wa zile neva za uti wa mgongo ziendeshazo misuli, nao huitwa kwa kifupi SMA. Guido Werdnig wa Austria aliuandika mwaka 1891, na Johann Hoffmann wa Ujerumani mwaka 1893. Huu huwapata wavulana na wasichana sawasawa. Wengine hawawezi kuketi kamwe; wengine huketi lakini hawatembei maisha yao yote. Kwa watoto hao mikono ndiyo mlango wao wa kazi, wa kusoma, wa kucheza, na wa kujilisha.

MIGUU ILITAZAMWA, MIKONO IKASAHAULIWA

Tangu zamani macho ya matabibu yaliielekea miguu zaidi. Mwaka 1879 Mwingereza William Gowers alieleza namna mtoto wa Duchenne aondokavyo chini: hupiga magoti na kuweka viganja sakafuni, kisha hushika mapaja yake mwenyewe, akapanda juu yake kwa mikono kama mtu apandaye mti, hata asimame. Alama hiyo hutumika hata leo, nayo huitwa kwa jina lake.

Hata zilipoanza kujaribiwa dawa mpya, kipimo kilichotumika sana kilikuwa mwendo: mtoto hutembea dakika 6 katika njia iliyonyoka, kisha mita alizotembea huhesabiwa. Ni kipimo chema, lakini chawafunga mlango wengi. Mvulana aliyekwisha kuketi katika kiti cha magurudumu hana hatua za kuhesabiwa, na kwa sababu hiyo hakuweza kuandikwa katika majaribio mengi. Dawa huenda ingemlindia mkono wake, lakini hapakuwa na mtu wa kujua. Mvulana wa miaka 14 aliambiwa, si kwa maneno bali kwa matendo, ya kuwa wakati wake umepita.

Ndugu, fikirini maana ya mkono kwa mtoto kama huyo. Mkono ukifika kinywani, hula mwenyewe. Ukifika usoni, hufukuza nzi na kujikuna. Vidole vikiwa na nguvu, huandika, hufungua kitabu, huendesha kiti chake ikiwa ni kiti cha mashine. Mkono ukishindwa, hata inzi mmoja atosha kumfanya amwite mama yake.

NGAZI SITA

Mwaka 1981 tabibu Michael Brooke na wenzake huko Marekani walichapisha kipimo chepesi cha mikono, ambacho hakina mashine wala gharama. Chataka meza, kiti, gilasi ya maji, kalamu na sarafu. Kina ngazi sita:

1. Mtoto aanza mikono ikiwa ubavuni, aiinua yote miwili kama mabawa hata ikutane juu ya kichwa.

2. Aweza kufikisha mikono juu ya kichwa, lakini ni kwa kukunja viwiko, au kwa kujisaidia na misuli mingine.

3. Hawezi tena kuinua mikono juu ya kichwa, lakini aweza kuinua gilasi ya maji ya wakia 8 hata kinywani, ijapokuwa kwa mikono miwili.

4. Aweza kufikisha mkono mtupu kinywani, lakini si pamoja na gilasi ile.

5. Mkono haufiki kinywani, lakini vidole vyaweza kushika kalamu au kuokota sarafu mezani.

6. Mkono haufiki kinywani, wala vidole haviwezi kazi yo yote ya kufaa.

Msomaji ataona ya kuwa ngazi hizi zafuata njia ya ugonjwa wa Duchenne wenyewe. Nguvu hutoka kwanza begani, kisha kiwikoni, na za vidole hubaki mwisho. Kwa hiyo mtoto asiyeweza kuinua mkono kumwamkia mgeni huenda bado aandika vizuri. Mwalimu asiyejua jambo hili humwona mtoto hainui mkono darasani, akadhani hajui jibu.

Lakini ngazi sita ni chache. Toka ngazi ya tatu hata ya nne miaka yaweza kupita, na ndani ya miaka hiyo mtoto hupoteza mengi ambayo ngazi hizi hazionyeshi. Kwa ajili hiyo wataalamu wa nchi mbalimbali, miongoni mwao Anna Mayhew wa Newcastle katika Uingereza na Elena Mazzone wa Roma katika Italia, walikaa pamoja wakatunga kipimo kirefu zaidi, wakakitoa mwaka 2013. Chaitwa kwa kifupi PUL. Katika kukitunga waliwauliza wavulana wenyewe na wazazi wao ni matendo gani yawapasayo zaidi katika maisha ya kila siku. Jambo hilo twalisifu, maana avaaye kiatu ndiye ajuaye kimbanapo.

Katika toleo la pili la kipimo hicho alama zote ni 42: za bega 12, za kiwiko 17, na za kifundo cha mkono na vidole 13. Mtoto huketi mezani, akaombwa kuinua mkono mtupu, kisha akiwa ameshika uzito, kufikisha kikombe kinywani, kupanga makopo, kufungua kifuniko, kurarua karatasi, kufuata njia iliyochorwa kwa kalamu, kuokota sarafu. Kwa watoto wa SMA kiko kipimo kingine kilichotolewa mwaka 2017, kiitwacho RULM, chenye alama 37, nacho chaweza kutumika tangu mtoto ana miezi 30.

ADABU YA MPIMAJI

Kazi hii yaonekana nyepesi, lakini yataka uangalifu mwingi. Mpimaji hutumia kiti kile kile, meza yenye urefu ule ule, na maneno yale yale, ili alama za leo zilinganishwe kwa haki na alama za miezi sita iliyopita. Hampimi mtoto aliyechoka kwa safari au mwenye homa. Kwanza humwonyesha jambo, kisha humwacha alifanye. Hamkemei ashindwapo, wala hamsaidii kwa siri kwa sababu ya huruma. Huruma ya namna hiyo huandika uongo katika daftari, na uongo ule utamdhuru mtoto baadaye.

Tena mpimaji sharti atazame si kama jambo limefanyika tu, bali limefanyika kwa njia gani. Watoto hawa wana akili nyingi za kujisaidia. Mmoja huuyumbisha mwili wote ili mkono urushwe juu. Mwingine hutembeza vidole kifuani pake, kimoja baada ya kingine, hata vifike kidevuni. Mwingine husukuma kiwiko cha mkono mmoja kwa mkono wa pili. Mwingine huegemeza kiwiko mezani, akainamisha kichwa, kinywa kikaufuata mkono. Hila hizi si udanganyifu, wala mtoto asionywe kwa ajili yake. Ndizo nguvu zake zilizosalia, nazo huandikwa daftarini.

Hapa pana fundisho kubwa. Watoto wengi wenye ugonjwa huu mgongo wao hupinda, na wengine hupasuliwa ili unyoshwe na kukazwa kwa vyuma. Kazi hiyo huwasaidia kuketi vizuri. Lakini mtoto aliyekuwa akila kwa kuinamisha mgongo, kinywa kikafuata mkono, akikazwa mgongo hawezi kuinama tena; huenda akatoka hospitalini mgongo umenyoka naye hawezi kujilisha. Kwa sababu hiyo hupasa kumtazama akila kabla ya kumpasua, ili watu wa nyumbani wajue litakalotokea na kutengeneza mapema, kwa kuinua meza, au kwa kumpa mrija na kitu cha kuegemeza mkono.

MCHEZO UWAO KIPIMO

Katika miaka ya karibuni wataalamu wametafuta pia njia za mashine. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ilitoa chombo kiitwacho Kinect, chenye jicho la kamera liwezalo kufuata viungo vya mtu bila kumgusa. Kilifanywa kwa ajili ya michezo tu. Lakini Jay Han na wenzake wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walikitumia kupima eneo lote ambalo mkono waweza kulifikia. Fikirini mtoto ameketi ndani ya mpira mkubwa, naye ajaribu kugusa pande zote za mpira ule, juu na chini, kuume na kushoto. Sehemu afikiayo huhesabiwa na mashine, na sehemu ya juu ndiyo ipoteayo kwanza.

Huko Columbus katika Ohio, Linda Lowes na wenzake wa hospitali ya watoto walitengeneza mchezo kwa chombo hicho hicho. Mtoto hunyosha mkono kila upande kadiri awezavyo ili apate ushindi, na huku mashine yaandika umbali aliofikia. Faida yake yaonekana wazi. Mtoto aliyechoka kuambiwa, "Inua mkono," hunyosha kwa moyo wote akiwa mchezoni. Utengenezaji wa Kinect ile ulikoma mwaka 2017, lakini fundisho lake halikukoma: mtoto hupimwa vizuri zaidi akiwa na furaha.

KUPIMA KWAFAA NINI?

Sasa twarudi kwenye swali letu. Majibu yetu ni matatu.

Kwanza, kupima humwonya mtu kabla ya wakati. Matabibu wa Duchenne hushauri mtoto apimwe kila miezi sita. Bega likianza kushuka, watu wa nyumbani waweza kujitayarisha, wakanyosha viwiko, vifundo na vidole kila siku kama walivyofundishwa, ili visikakamae. Meza yaweza kuinuliwa, kikombe chepesi kikatafutwa, mwalimu akaarifiwa. Haya yote ni rahisi yakifanywa mapema.

Pili, kupima huonyesha kama dawa yasaidia. Dawa za jamii ya steroidi haziondoi Duchenne, lakini tangu mwaka 1989 majaribio yameonyesha ya kuwa huzilinda nguvu kwa muda. Zina madhara yake pia, na tabibu hawezi kupima faida na hasara ikiwa hajui mkono uliweza nini jana na waweza nini leo.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, kupima mkono humhesabu mtoto asiyetembea. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la dawa iitwayo nusinersen kwa watoto 126 wenye SMA, wa umri wa miaka 2 hadi 12. Hapakuwa na hata mmoja wao aliyeweza kutembea peke yake. Kama kipimo kingalikuwa mwendo tu, wote 126 wangaliandikwa sifuri mwanzo na sifuri mwisho, na mtu angalisema, "Dawa hii haifai." Lakini mikono yao nayo ilipimwa kwa RULM. Baada ya miezi 15, waliopewa dawa waliongeza kwa wastani alama 4.2, na wasiopewa waliongeza nusu ya alama tu. Huenda mtu akacheka alama nne. Mama ambaye mwanawe amekishika kikombe bila kusaidiwa hacheki.

NENO KWA WAZAZI

Nanyi akina baba na akina mama, twawaomba mambo machache.

Mkimwona mtoto akianguka mara nyingi, au akipanda juu ya mapaja yake ili asimame, au mkono wake washuka kabla kikombe hakijafika kinywani, msiseme ni mvivu, wala msimpige. Mpelekeni hospitali, mkamweleze tabibu yale mliyoyaona: ni mkono gani, tangu lini, na ni kazi gani iliyokuwa ikiwezekana ambayo sasa haiwezekani. Msijifanye matabibu kwa kupima nyumbani kisha mkakata shauri wenyewe. Lakini macho yenu yaona kila siku, na ya tabibu huona mara chache katika mwaka.

Msimfanyie kila kitu. Mtoto ajilishaye kwa taabu, naye amwaga uji, na aachwe ajilishe kadiri awezavyo bila kuchoka kupita kiasi, kisha asaidiwe kwa upole. Kijiko alichokishika mwenyewe humpa heshima ambayo hatuwezi kumpa kwa kumlisha.

Tena msitafute mchawi. Twajua ya kuwa katika nyumba nyingi, mtoto akilegea, majirani hunong'ona, na mara nyingi lawama humwangukia mama. Habari yenyewe imekwisha kujulikana. Katika miaka ya 1986 na 1987 Louis Kunkel na wenzake huko Boston waliigundua jeni ambayo ikiharibika huleta Duchenne, na protini ikosekanayo katika misuli, waliyoiita distrofini. Jeni ya SMA iligunduliwa mwaka 1995 na Judith Melki na wenzake huko Paris. Ni kweli ya kuwa Duchenne mara nyingi hupita kwa mama. Lakini hakuichagua, kama asivyochagua rangi ya macho aliyomrithisha mwanawe, wala hakujua. Na kadiri ya theluthi moja ya watoto hao, kosa la jeni limeanza kwao wenyewe, halikutoka kwa mama. Katika SMA kwa kawaida baba na mama wote wawili hubeba kosa hilo bila kuugua. Basi mume amwachaye mke wake kwa sababu hii amefanya dhambi juu ya ujinga. Penye mtoto wa namna hii pahitaji mikono minne, si miwili.

Kwa Kanisa lote twaongeza neno hili. Ibadani tumezoea kuwaambia watu wasimame, wapige magoti, wainue mikono. Yuko mtoto nyuma, katika kiti, asiyeweza hata moja la hayo. Asiachwe nyuma. Yule mtu wa sinagogi aliitwa asimame katikati, mbele ya watu wote, wala hakufichwa kwa sababu ya mkono wake. Nasi na tumweke mtoto wetu katikati, tumwulize mkono wake waweza nini leo, kisha tumpe kazi iliyo sawa na uwezo huo: ikiwa ni kugeuza kurasa za kitabu cha nyimbo, ni kazi, ikiwa ni kuhesabu sarafu za sadaka kwa vidole vyake, ni kazi.

Mungu awape subira wote waleao watoto hawa, na macho ya kuziona nguvu zilizosalia.